Filta Iliyooshwa

Abel alikuwa ameinamia injini ya pikapu, filta mpya ya oili mkononi, mama mkwe wake alipotokea jikoni ameshika ile kuukuu ambayo Abel aliitupa asubuhi kando ya zizi.

"Nimekuoshea kwa mafuta ya taa, baba," alisema. "Ya trekta la marehemu mume wangu nilikuwa naiosha hivi hivi kila msimu. Kitu kizima hiki, unatupaje?"

Ya trekta ilikuwa wavu wa chuma. Hii ndani ni karatasi tupu, ukishaiosha, imekufa.

Lakini mikono ya yule mama ilikuwa nyeusi mpaka kwenye viwiko. Na tangu Abel amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumwita baba hadi leo.

Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Naomba maji ya kunywa."

Mama alipoingia ndani tu, Abel akafunga ile mpya harakaharaka. Iliyooshwa akaitumbukiza ndani ya shati lake jeupe.

Mama akarudi na kikombe. Akatazama doa jeusi lililokuwa likienea kifuani mwa mkwewe.

"Inavuja, baba?"

"Hapana, mama," alisema Abel, mkono juu ya doa. "Imekaa mahali pake."