Kuku wa Mama Boaz

Kuku alikuwa mweupe, na alikufa akiwa na jina la Mektilda tumboni.

Habari hizo zilimkuta Mektilda kisimani, ndoo ikiwa nusu. Alipofika, wanawake mmoja baada ya mwingine wakakumbuka kazi za nyumbani. Alibaki Aneth, mke wa mpwa wake, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulala na neno.

"Shangazi, usinitaje. Mama Boaz kapeleka kuku kwa mfumu, kapigiwa ramli. Kuku kapasuliwa, matumbo yakaonyesha mjane jirani yake ndiye kalifunga duara la Boaz, shimo lake la machimboni, lisitoe dhahabu."

"Mama Boaz yupi?" Mektilda akauliza, kana kwamba kijiji kilikuwa na wawili.

Maana Scolastika, huyo Mama Boaz, alikuwa zaidi ya jirani. Walibatizwa siku moja, wakaolewa msimu mmoja, wakapalilia karanga bega kwa bega. Kitovu cha Boaz alikikata Mektilda kwa wembe wake mwenyewe. Na Tarsisi, mume wa Mektilda, alipozikwa mwaka juzi, aliyelia mpaka sauti ikamkauka ni Scolastika. Hadi wiki hiyo walikuwa wakinywa chai pamoja kila jioni. Scolastika huonja kwanza kikombe cha mgeni, kama desturi inavyotaka, na Mektilda husubiri aone koo la mwenziwe limeteremsha, ndipo naye anywe.

"Kuku gani?" Mektilda akauliza.

"Mweupe, shangazi. Wa kisasa. Kamnunua Kahama mjini."

Mektilda akacheka, lakini machozi yalitangulia kicheko.

"Wa kisasa! Kalelewa kwa taa ya umeme na chakula cha gunia, mama yake hamjui, halafu mimi ndiye kanijua?"

Aneth akaziba mdomo asicheke. "Shangazi, usifanye mzaha. Sungusungu wanakaa Jumapili baada ya misa. Wanataka kukutenga."

Kutengwa si mchezo. Aliyetengwa haombi moto kwa jirani wala hasalimiwi njiani, na akifa, watakaomchimbia kaburi ni wanawe tu. Mektilda alikuwa na mtoto mmoja, Evance, naye alipiga simu kutoka Geita siku hiyo hiyo.

"Mama, njoo kwangu. Unajua maneno ya namna hii yanaishia wapi."

"Nikikimbia nimekiri, mwanangu. Nitazikwa kwenye mji wa baba yako."

Siku tatu hakuna aliyebisha hodi. Jioni alichemsha maji ya kikombe kimoja, akakaa akiyatazama. Ukuta wa Scolastika ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale.

Jumapili uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Masele, mkubwa wa sungusungu, alikaa na fimbo yake magotini. Katekista Deusdedit akaenda kusimama ubavuni mwa Mektilda, bado amevaa koti la misa.

"Mama huyu ni Mkristo wa kweli," akasema. "Mama Evance, waambie wenyewe. Unamwamini kuku yule?"

"Yule? Hata punje."

"Mnasikia!"

Mektilda akasogea mbele. Sauti ilikuwa ileile ya kuchambulia karanga.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika kwa mazoea, hata waliokuja na hasira.

"Shule hakusoma, maneno hana. Akishakufa ndipo anaitwa shahidi."

"Kuku!" mzee mmoja akadakia, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Masele mwenyewe akainamisha kofia kuficha meno.

Mektilda hakucheka. Alimgeukia Scolastika.

"Mama Boaz, hatua ishirini, mama. Hatua ishirini zilikushinda kuja kuniuliza mimi mwenye mdomo? Ukapanda basi mpaka Kahama kumtafuta shahidi wa kununua?"

Kicheko kikafa. Scolastika akapiga magoti pale pale mavumbini, khanga ikamdondoka begani.

"Nimekosa, Mama Evance. Boaz ana miezi minane anatoa mawe matupu. Mkewe kamkimbia. Mtoto akiteseka, akili ya mama inaruka. Nisamehe."

Masele akagonga fimbo chini. "Mwenye kuku kakana kuku wake. Hatengwi mtu hapa. Mama Evance, mpe mkono mwenzio twende tukale."

Wanawake wakaanza vigelegele. Katekista akainua mikono juu, uso unang'aa. "Mmeiona imani, wapendwa? Mmeiona?"

Mektilda hakutoa mkono. Alimtazama rafiki yake aliyepiga magoti, na midomo ikamcheza kama ya mtoto anayezuia kilio.

"Nikusamehe tena?" akasema. "Mara ya pili?"

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?" Masele akauliza.

"Alipokufa Tarsisi. Mimi sikwenda mjini kununua. Nilimchukua jogoo wangu mwenyewe, mwekundu, wa kienyeji, kaanguliwa chini ya kitanda changu, anayetujua sote kwa sura. Nikatembea naye mpaka Ushetu kwa mfumu anayeijua kazi yake. Nikanyamaza miaka miwili kwa sababu nilimpenda. Lakini jogoo yule hakusita, ndugu zangu: aliyemuua mume wangu ni huyu hapa."