Mvinyo wa Wakwe

Siku hizi chupa ya mvinyo haimiminwi kimyakimya. Sheria inataka iseme, kila inapoinamishwa, zabibu zake zimetoka wapi na nani amezilima.

Mama yake Nyemo alikuja kutoka Hombolo na kidumu cha mvinyo aliousindika mwenyewe. Nyemo akakificha chini ya sinki. "Wakwe zangu si watu wa vidumu, Mama," alisema, na mama hakubisha.

Wakwe walipofika, mezani akaweka mvinyo mwekundu wa kusini mwa Ufaransa, ule wa kuchanganya aina kadhaa za zabibu, akaanza kwa kummiminia baba mkwe.

"Zabibu aina ya Grenashi na Sira, za Langedoki, Ufaransa," chupa ikasema kwa Kiswahili safi. "Kwa kuwa mizabibu ya huko imeungua na jua, nusu ni zabibu za Hombolo, Dodoma. Mkulima ni Sechelela Chilewa."

Baba mkwe akaangua kicheko. "Kumbe Wafaransa wanatuuzia cha kwetu! Mama Nyemo, huyo Sechelela si wa huko kwenu? Unamfahamu?"

Nyemo akainamia sahani. Angeweza kusema, "Ndiye huyu hapa." Akajishughulisha na uma wake.

Mama alimsubiri kidogo, kisha akajibu mwenyewe. "Namfahamu, mzee. Jirani tu. Mtu wa vidumu."

Akasogeza glasi yake mbele ya bintiye.

"Na mimi nimiminie, mwanangu."

Nyemo akaishika chupa kwa mikono miwili, wala hakuthubutu kuiinamisha.