Pete ya Mlango wa Kanisa

Hapo kale, katika nchi ya theluji, Bata Bukini alikuwa bawabu wa kanisa, na shingo yake haikuinama mbele ya chochote ila madhabahu. Desturi ya pale ilijulikana na wote: mkimbizi akishika pete ya mlango, haguswi.

Siku moja Mbuzi akaja mbio, akaing'ata pete. Nyuma yake akatokea Mfalme Dubu na askari wake, mbwa mwitu.

"Kala kabichi zangu! Nipishe!"

"Huko nje wewe ni mfalme, bwana," Bata akasema. "Hapa ni kwa Mungu. Ukimgusa, kanisa litakutenga, na kiapo walichokuapia askari wako kitakoma."

Dubu akacheka, akamzaba Mbuzi kofi.

Bata akavuta kamba ya kengele mara moja tu. "Ametengwa!"

Mbwa mwitu wakatazamana. Miaka yote hiyo ya mateke ya Dubu! Wakamrukia. Dubu hakuwa na pa kukimbilia, akaidaka pete.

Bata akatanua mbawa. "Rudini nyuma! Huyu haguswi."

Kisha akamgeukia Dubu, shingo juu vilevile. "Sogea kidogo, bwana. Mbuzi alitangulia."