Kidole cha Ndege

Dada alikuwa akiwasomea wageni kitabu alichoandika cha historia ya kampuni yetu ya karatasi za ukutani na vitambaa vya mapazia. "Ndege huyu aliyetupatia jina," alisoma, "nilimchora kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikatazama ukutani. Ndege wangu wote walikuwa palepale, kila mmoja kapungukiwa kidole mguu wa kushoto, kama kuku niliyemfuga dada akiwa masomoni, ambaye kidole chake kilikatwa na mlango.

Mgeni mmoja aliwapapasa. "Mbona hawa wana kidole pungufu?"

Dada alipekua kitabu. Kisha akanigeukia na tabasamu lake la kila akikwama. "Mdogo wangu, hebu mweleze."

Nikanywa maji yangu taratibu. "Wa kueleza ni mwenye mkono, dada."