Miwani ya Asubuhi

Khadra alitoka zamu ya usiku amevaa miwani nyeusi, kama muuguzi mkuu alivyomfundisha: usiku kaa karibu na taa kali, asubuhi ukienda nyumbani usiruhusu jua likuingie machoni, la sivyo mwili utakataa kulala. Ilikuwa wiki ya tatu, na usingizi ulikuwa umeanza kumtii.

Njiani, katika mtaa wa Bulla Pesa, mbele ya nyumba moja, wanaume walikuwa wanafunga turubai la msiba. Mwanamke alitoka mlangoni, akamjua kwa sare yake.

"Sista, si ni wewe ulikuwa na msichana wangu usiku?"

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Mimi nilifika wakati amefunikwa. Nani alikuwa na yeye akikata roho?"

"Mimi. Alikuwa ananiangalia."

Mama alisogea karibu. Katika vile vioo vyeusi alijiona mwenyewe tu, mara mbili, mtandio umemteleza kichwani.

"Basi toa hiyo miwani. Nataka kuona macho yenye msichana wangu aliona mwisho."

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati. Khadra alivua miwani, akamtazama bila kupepesa.