Sauti ya Nyamizi

Tangu kampuni za matangazo ya biashara ziruhusiwe kuwapigia watu simu kwa sauti za kuigwa za ndugu zao, Nyamizi hakuwahi kufikiria kwamba sauti yake nayo ingeazimwa. Alilijua hilo siku alipofika Tabora kumwona mama yake, Bi Kalunde, akamkuta amevimba miguu na anahema kwa shida.

"Mama, dawa za moyo unameza kweli?"

"Si wewe uliniambia niziache? Ulisema vidonge hivi vya vitamini vinatosha, vinazibua mishipa."

"Mimi sijasema hivyo, mama."

"Ulinibembeleza mpaka ukalia, mwanangu. Ningekukatalia vipi?"

Nyamizi alimkimbiza hospitali. Daktari akamrudisha kwenye dawa zake, na uvimbe ukaanza kupungua. Kabla ya kuondoka, Nyamizi alimwapisha mama yake asimsikilize tena mtu yeyote anayemweleza habari za dawa kwenye simu.

Alipofika kwake Mwanza, alimpigia.

"Shikamoo, mama. Umemeza dawa leo?"

"Marahaba," Bi Kalunde akajibu kwa upole. "Sauti yako nzuri, kama ya mwanangu kabisa. Lakini amenikataza kuongea na nyinyi."

Akakata simu.