Asiyetia Udongo

Haya nilisimuliwa na wifi yangu Mwanahamisi juzi, tukichagua mchele wa hitima. Naye kaambiwa na Bi Sikudhani mwenyewe.

Siku hizi mzee wa baraza akitamka mahakamani kwamba fulani ameua, mzee huyo ndiye humchukua mfungwa akatumikie kifungo nyumbani kwa mzee, na bangili ya umeme mguuni. Mzee akiikana kauli yake, bangili humhamia yeye mzee.

Ndivyo Mhina alivyokuja kwa Bi Sikudhani, mzee wa baraza katika kesi yake, mwaka wa sita huu. Huteka maji, hukuna nazi, humwita mama. Bi Sikudhani alimtia hatiani kwa jambo moja tu: rafiki yake alipouawa, Mhina hakwenda kutia udongo kaburini. Akasema, asiyezika ndiye aliyeua.

Sasa jirani akafariki. Mhina akapewa ruhusa ya kwenda kuzika, lakini Bi Sikudhani akamkuta amejificha nyuma ya jiko.

"Jitu zima na ndevu zako, waogopa mchanga?" akamtania.

"Mama, nilipokuwa mdogo kaburi la baba lilititia nami ndani. Mpaka leo kaburi silisogelei."

Kicheko kikamkauka. "Mbona mahakamani hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Bi Sikudhani akaitazama ile bangili, kisha mguu wake mwenyewe uliovimba kwa uzee. Akampakulia wali, akamwongezea paja la kuku. Mhina akashukuru, akala, akajinyoosha mkekani akalala.

Bi Sikudhani akajilaza kitandani, akingoja dhamiri imnyime usingizi. Alasiri haijaadhiniwa, naye kashalala fofofo.